Mwanangu, anayedaiwa ni nani?

Mwanangu,

Umeniuliza: kama Buddha alifundisha kwamba hakuna nafsi, anayezaliwa upya ni nani? Siku tatu nimekaa na swali lako, na kila nikitaka kulijibu linanigeukia kuwa lingine: anayedaiwa ni nani?

Nianze na lako. Katika hotuba yake ya pili, aliyowapa watawa watano kule Sarnath, karibu na Varanasi, India, Buddha alimchambua mtu kwa mafungu matano: mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na ufahamu. Kila fungu akauliza, hili ladumu? Halidumu. Mwili ungekuwa ndio wewe hasa, ungeuamuru usiugue nao ukatii. Hakusema hupo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Alisema huna ndani yako kiini kisichobadilika. Basi kuzaliwa upya si roho kuhama kama mpangaji. Mtawa Nagasena alimfananishia Mfalme Milinda na taa inayowashwa kwa moto wa taa nyingine: hakuna kitu kilichohama, lakini bila ya kwanza ya pili isingewaka.

Sasa babu yako. Alivyotuacha unajua. Siku aliyorudi ndiyo sijakusimulia.

Miaka 19 ilikuwa imepita. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Yule aliyewaacha si mimi tena." Nami nikamjibu, "Basi hata yule aliyeachwa hayupo hapa." Nikafunga mlango. Bibi yako alikuwa chumba cha pili, alisikia yote.

Jibu lile nilijivunia miaka mingi. Na nilipokuja kusoma Maswali ya Milinda, kitabu cha mazungumzo ya mfalme yule na Nagasena, nikaona nimepata hukumu yangu imeandikwa. Mtu kaiba maembe, anajitetea kwamba maembe aliyochuma siyo yale mwenye shamba aliyoyapanda. Nagasena anamuuliza mfalme: ana hatia? Anayo, kwa kuwa haya yametokana na yale. Unaona? Kutokuwa na nafsi hakumfutii mtu deni. Dawa ya deni ni kulipa, nimekwambia tangu utoto wako.

Lakini kitabu hichohicho kina taa iwakayo usiku kucha. Mwali wa zamu ya kwanza na mwali wa alfajiri, ni mmoja? Si mmoja. Ni tofauti kabisa? Wala. Basi baba hakusema uongo pale mlangoni. Wala hakusema kweli yote. Na mimi je? Msichana aliyeachwa na umri wa miaka 12 aliacha kuwapo zamani, nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Aliyefunga mlango alikuwa nani, kama si mwali nilioutilia mafuta kila usiku kwa mkono wangu?

Hapana, sitaki kumtetea. Bibi yako alitulea peke yake, na hilo halibadiliki kwa falsafa yoyote. Dawa ya deni ni kulipa. Ila siku hizi najiuliza, mdaiwa akija akafungiwa mlango, atalipia wapi?

Mtu mmoja, Vacchagotta, alimuuliza Buddha: nafsi ipo? Akanyamaza. Haipo? Akanyamaza vilevile, mpaka yule akaondoka. Baadaye Buddha alimweleza mwanafunzi wake Ananda kwamba angejibu haipo, mtu yule aliyekwisha kuchanganyikiwa angedhani amepoteza nafsi aliyokuwa nayo. Kunyamaza huko nakuheshimu, ingawa mimi sina subira nako. Neno la kama nilikosea siku ile liko ncha ya ulimi, na ninalizuia kwa shida kweli.

Bibi yako hajawahi kulitaja jambo hili, wala mimi sijamuuliza alitaka nifanye nini. Ukija, kaa naye. Mimi nitatoka kidogo.

Mama yako