Damu haipandi? Kiangalie hicho kikombe cha chai pembeni ya sahani

Juzi saa tano usiku dada mmoja kanitumia meseji, anasema amekunywa juisi ya bitiruti miezi miwili mfululizo, HB (kipimo cha wingi wa damu) imetoka 8.9 imefika 9.1, nifanyeje dada angu nimechoka. Nimeisoma mara tatu machozi yananitoka, maana huyo ni mimi kabisa wa miaka minne iliyopita.

Mimi mtoto wa Tanga, kwetu chupa ya chai haikauki. Asubuhi chai ya rangi na mihogo, mchana wali maharage na kikombe pembeni, usiku hivyohivyo, nikaolewa nikaja Dar nikaja na chai yangu. Sasa mwaka ule nikaanza kuchoka, yaani kuchoka ambako hata ukilala masaa kumi unaamka kama umebebeshwa gunia, nikipanda ngazi za kazini ghorofa ya pili tu moyo unaenda mbio mpaka nasikia mapigo masikioni. Kucha zikabonyea katikati kama kijiko, ukidondoshea tone la maji linakaa. Halafu nikawa nakula udongo, ule wa sokoni, na sikuwa na mimba! Nyumbani wifi zangu wakasema nimeolewa kuja kulala. Walisema mbele za watu. Mpaka leo naandika hapa na bado inaniuma.

Kwenda kupima, HB 7.4, na mwanamke asiye na mimba anatakiwa aanzie 12. Nikapewa vidonge vya damu kwenye ile bahasha ndogo, imeandikwa kutwa mara mbili, basi, foleni ilikuwa ndefu hakuna aliyenieleza kingine. Nikawa navimeza kila asubuhi na jioni, navishushia na nini? Chai. Miezi miwili navumilia tumbo kukaza na choo cheusi kama mkaa (kwa vidonge hivyo ni kawaida usiogope), narudi kupima, 7.9.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa lishe, nilipelekwa kwake kwa bahati tu. Aliniuliza swali moja, mwanangu, vidonge unanywea nini? Nikamwambia chai. Akaweka kalamu chini akaniangalia, akasema unakula vizuri, ila kila unachokula unakifungia mlango.

Iko hivi. Madini ya chuma ndo mwili unatengenezea damu, na yale ya kwenye maharage, mchicha, kisamvu na dagaa wala si kidogo, ila ya kwenye mboga na maharage mwili unayapokea kwa shida. Sasa majani ya chai yana vitu vinaitwa tanini, ndo vile vinavyokaza ulimi chai ikikolea, vikikutana na chuma tumboni vinaking'ang'ania kinapita kwenda chooni bila kuingia kwenye damu. Kikombe kimoja cha chai pamoja na chakula kinaweza kukata zaidi ya nusu ya chuma ambacho ungekipata. Kuweka maziwa hakusaidii, na kahawa nayo ni ndugu yake. Nyama na maini chuma chake kinaingia kirahisi zaidi, lakini tuambiane ukweli, wangapi tunakula maini kila siku? Sisi wa wali maharage ndo chai inatumaliza.

Na bitiruti dada zangu. Wekundu wake ni rangi yake tu, ndo maana ukinywa nyingi hata mkojo unaweza kuwa mwekundu, chuma kilichomo ni kidogo. Kunywa kama unaipenda, ila usiitegemee.

Mimi nilichobadilisha ni chai, chai, chai. Niliitoa mezani. Nakula, nasubiri saa moja au mbili, ndo nakunywa. Kwenye chakula nikaweka kitu chenye vitamini C maana yenyewe inasaidia chuma kuingia, ndimu nakamulia kwenye maharage, au pera, na pera lina vitamini C nyingi kuliko hata chungwa na wakati wake linauzwa bei ya bure. Maharage naloweka usiku maji namwaga. Vidonge nikaanza kumeza na maji au juisi ya machungwa. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma balaa kwa kukosa chai ya asubuhi, nikavumilia. Baada ya miezi mitatu nikapima, 11.2. Baada ya sita, 12.6! Ile karatasi ninayo mpaka leo kwenye droo, na udongo sijaugusa tena, hamu yenyewe iliondoka.

Ila msinielewe vibaya mkaacha kupima. Damu inapungua kwa mengi, hedhi nzito, minyoo, malaria, na mwenye selimundu (sikoseli) asijimezee vidonge vya chuma bila daktari wake kumwambia. Pima kwanza. Na nyie mnaompa mtoto wa mwaka mmoja chai ya rangi na mkate asubuhi eti imchangamshe, naombeni muache, yule damu yake ndo inajengwa sasa hivi, mpe uji, mpe maji. Na mawifi, mkiona mke wa kaka yenu analala lala ovyo mpelekeni akapime kabla hamjamsema.

Dada wa bitiruti, asubuhi yake nilimuuliza lile lile swali nililoulizwa mimi, bitiruti unakunywa saa ngapi na unakula na nini? Akajibu, nakunywa asubuhi dada, nikimaliza chai yangu na chapati.