Dibuk si jini: kwa mnaoanza filamu za kutisha za Kiyahudi

Nilipopewa kazi ya kuandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha za filamu ya Der Dibuk, kila lilipotokea neno "dibuk" niliweka "jini". Baada ya onyesho mzee mmoja akaniuliza, "Sasa mwanangu, hilo jini linadai mchumba kwa haki gani?" Nilibabaika. Swali lake lilikuwa zuri kuliko tafsiri yangu.

Dibuk ni roho ya mtu aliyekufa, imemganda aliye hai. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiebrania la kushikamana. Kwetu, mzimu unakaribia zaidi. Na mzimu, tofauti na shetani wa kutimuliwa tu, huwa na madai.

Filamu hiyo ilitengenezwa Poland mwaka 1937, kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kutokana na tamthilia ya S. An-sky, ambaye kati ya 1912 na 1914 alizunguka vijijini akikusanya hadithi na desturi za Wayahudi. Marafiki wawili, Sender na Nisn, wanaahidiana kwamba wakipata mvulana na msichana watawaoza. Nisn anakufa, Sender anatajirika, ahadi inasahauliwa, na binti yake Leah anatafutiwa mume mwenye nacho. Khonen, mwana wa Nisn, mwanafunzi fukara, anajaribu elimu ya siri ili ampate Leah, na inamuua. Siku ya harusi sauti yake inatokea kinywani mwa bibi harusi.

Hapo ndipo mtulie. Rabi anaitisha baraza la hukumu. Marehemu Nisn anaitwa kama mdai, Sender anajibu mashtaka, na anaamriwa agawe nusu ya mali yake kwa maskini. Ni watu wamekaa wanazungumza, basi, na mimi husisimkwa kuliko penye damu. Aliyewahi kuona pepo akipungwa pwani, akiulizwa kwanza anataka nini, hatapata shida kuelewa kikao kile.

Kwa hiyo mkitazama filamu yoyote ya aina hii, ulizeni: nani anamdai nani? The Vigil ya 2019 inafunguka kwa swali hilo. Yakov, kijana aliyeiacha jamii yake ya washika dini huko Brooklyn, analipwa kukesha na maiti usiku mmoja. Msidhani ni kisingizio cha mwandishi. Ni desturi kweli, maiti haiachwi peke yake hadi izikwe, na mkeshaji husoma Zaburi. Kinachomsumbua humo ndani kinakula majonzi ya zamani: ya marehemu aliyenusurika mauaji ya Wanazi, na ya Yakov mwenyewe.

Kuhusu masanduku ya dibuk, yaani yale yanayodaiwa kuwa na dibuk ndani, msipoteze muda. The Possession ya 2012 ilitangazwa kuwa kisa cha kweli, lakini mwaka 2021 muuzaji wa kwanza wa sanduku lenyewe, ambalo ni kabati la mvinyo, alikiri kwamba aliitunga hadithi yake. Dibuk humganda mtu. Kabati la mvinyo halina deni na yeyote.

Golemu ni mlango mwingine, nami napenda kuuingilia kwa lugha. Katika masimulizi, mtu huyu wa udongo anaandikwa "emet", yaani ukweli. Ukifuta herufi ya kwanza inabaki "met", amekufa. Neno hilo ni ndugu wa "maiti" yetu iliyotoka Kiarabu. Filamu ya Kijerumani ya 1920, Der Golem, inatumia hirizi ya kifuani badala yake, na mtoto mdogo ndiye anayeing'oa. Itazameni kwa majumba yake yaliyopinda, ila kumbukeni kwamba Paul Wegener, aliyeiongoza na kuigiza golemu, hakuwa Myahudi, na mtaa wa Wayahudi wa Praha umechorwa humo kama makazi ya wachawi.

Anzeni na The Vigil. Der Dibuk iacheni kwa siku mliyolala vizuri, maana ni ya saa mbili hivi na haina haraka.