Tyubu zinaisha, vioo vimejaa stoo: niagize lini?

SWALI: Shikamoo kaka. Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Ngamiani, Tanga, huu ni mwaka wa pili, na jioni nasoma cheti cha ununuzi na ugavi. Mzigo nachukua Kariakoo. Tyubu za nyuma zinaniishia kila mara, bodaboda wanakuja wanaondoka mikono mitupu. Vioo vya pembeni navyo vimelala stoo tangu mwaka jana, niliagiza vingi askari walipokaza ukaguzi. Darasani tumepewa kanuni mbili, ya kiasi cha kuagiza na ya kiwango cha kuagizia. Nimezikariri, ila sioni zinavyoingia dukani kwangu. Nianze na ipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Anza na ya pili, ile inayokwambia lini. Wanafunzi wengi huhangaika na swali la ngapi kwa sababu lina kipeuo cha pili na linapendeza kwenye mtihani. Kinachoumiza duka ni lini.

Nilijifunza hilo nikiwa mtunza stoo kwenye shamba moja la mkonge mkoani kwetu. Siku moja beringi ya korona, ile mashine ya kuchakata majani, ilikatika, na kwenye rafu hapakuwa na nyingine. Kadi ya stoo ilionyesha sifuri tangu wiki mbili nyuma na mimi nilikuwa sijaagiza, nikisubiri nijumlishe na vitu vingine ili safari iwe moja. Majani ya mkonge yakishakatwa hayasubiri. Yakinyauka, singa zinakuwa ngumu kutoka. Nikayaona yanageuka rangi juu ya trela huku watu wamekaa kivulini bila kazi. Nauli niliyookoa haikufika hata robo ya hasara ya siku ile.

Sasa tuje kwako. Chukua daftari. Kila ukiagiza andika tarehe mbili: siku uliyopiga simu Kariakoo, na siku mzigo ulipokaa rafuni. Usihesabu tangu basi lilipotoka Dar. Wafanyabiashara wa hapa husema mzigo wa Dar ni siku moja, kwa kuwa basi linafika siku hiyohiyo. Lakini kuna siku ya kutuma pesa, siku ya mwenye duka la jumla kumtuma kijana ghalani, siku ya kufunga mzigo, halafu parseli inalala stendi ya mabasi ya Kange mpaka upate nafasi ya kuifuata na bajaji. Huo wote ndio muda wa kusubiri mzigo.

Tuseme daftari limekuonyesha kwamba kwa kawaida ni siku 5, na ulipochelewa kuliko vyote ilikuwa siku 9. Tyubu unauza wastani wa 4 kwa siku, na siku zilizochangamka 6. Katika kusubiri kwa kawaida utauza 4 mara 5, yaani 20. Siku mbaya zikikutana na wateja wengi utahitaji 6 mara 9, yaani 54. Tofauti yake, 34, ni akiba ya tahadhari. Na hiyo 54 ndiyo kiwango chako cha kuagizia: tyubu zikifika 54, unapiga simu siku hiyohiyo, hata kama rafu bado inaonekana imejaa. Nadhani wewe umekuwa ukipiga simu zikibaki kumi hivi. Kumi ni biashara ya siku mbili na nusu.

Vitabu vya juu vitakupa njia ya kitakwimu ya kutafuta hiyo akiba, na huwa inatoa namba ndogo kuliko yangu. Utaifikia. Kwa duka lenye daftari la miezi mitatu, hii ya wastani na ukomo inatosha.

Kanuni ya kiasi ni ya Ford Harris, mhandisi wa Marekani, tangu 1913. Inapima gharama mbili zinazovutana: ya kuagiza kila mara, na ya kukaa na mali. Kwa mwaka unauza kama tyubu 1,440. Weka kila agizo linakugharimu shilingi 20,000 za usafiri, wapagazi na bajaji. Tyubu unayonunua 5,000, kuiweka mwaka mzima weka 1,000, kwa maana ya mtaji uliolala na mali inayoharibika. Zidisha 2 kwa 1,440 kwa 20,000, gawanya kwa 1,000, unapata 57,600. Kipeuo chake cha pili ni 240. Ukiagiza 240 kila baada ya siku 60, utatumia 120,000 kwa mwaka kuagiza na 120,000 kukaa na mali. Jumla 240,000.

Tyubu 240 ni shilingi 1,200,000. Huna? Agiza 120. Kuagiza kutapanda hadi 240,000, kukaa na mali kushuke hadi 60,000, jumla 300,000. Umekosea nusu nzima na umelipa zaidi shilingi 5,000 tu kwa mwezi, bei ya tyubu moja! Linganisha na siku moja ya rafu tupu, ambapo wateja wanne wanavuka barabara, na aliyekuja kwa tyubu angenunua na oili. Ndiyo maana nimekutuma kwenye lini.

Vioo ni jambo jingine. Katika mnyororo wa ugavi bidhaa zinashuka kutoka kiwandani hadi kwa bodaboda, pesa zinapanda, na habari nazo zinapanda, lakini hupotoka njiani. Jay Forrester wa chuo cha MIT alilionyesha hili mwaka 1961, na leo linaitwa athari ya mjeledi: mkono unatikisika kidogo, ncha inaruka mbali. Procter & Gamble waliliona kwenye nepi za Pampers. Watoto walizitumia kwa kiwango kilekile, ila maagizo yaliyofika juu yalipanda na kushuka vibaya. Askari walipokaza, kila bodaboda alinunua vioo vyake mara moja. Wewe ukasoma kwamba mahitaji yamepanda, kumbe ni ya miezi ijayo yamekuja kwa pamoja. Punguza bei uvitoe, mtaji urudi kwenye tyubu. Safari nyingine, kabla ya kuongeza agizo, uliza vijana wa kijiweni ni wangapi bado hawana.

Na ili usihesabu kila jioni: tia tyubu 54 kwenye kiroba, kifunge, kiweke chini ya meza. Uza za rafuni. Siku unayofungua kiroba ndiyo siku ya kupiga simu. Mzigo ukifika, tyubu za zamani zilizobaki zitangulie rafuni, maana mpira huzeeka, na kiroba kijazwe kwa mpya.