Kitufe kinachoruka kinakwamakwama kwenye simu

Mdogo wangu, umesema kitufe cha "Agiza" kwenye ukurasa wako wa maparachichi ya Rungwe kinaruka vizuri kwenye kompyuta, ila kwenye simu kinakwamakwama. Shida ni hiyo top unayoibadilisha, yaani sifa ya CSS (lugha ya mwonekano wa ukurasa) inayopanga kitufe kikae umbali gani kutoka juu. Kila ikibadilika, kivinjari kinalazimika kupanga ukurasa upya, na kwa fremu (picha) 60 kwa sekunde kina kama milisekunde 16 tu kwa kila fremu. Badala yake weka transform: translateY(-8px), inayokipandisha kitufe pikseli 8, hapo simu inasogeza tu kitu kilichokwisha kuchorwa. Mimi hapa Mwanjelwa hujaribu kwanza kwenye simu ya bei ya chini, ndipo naridhika. Kiruke mara moja mteja akikigusa, milisekunde 200 zinatosha. Ongeza na prefers-reduced-motion, sharti la CSS linalotambua aliyechagua kwenye kifaa chake mwendo upunguzwe: wapo wanaopata kizunguzungu kweli, kwao kitulie kabisa.