Mifereji ya kikombe cha mbao: anza na kitako

Msomaji mmoja amenitumia picha ya kikombe cha mninga alichokichonga mifereji 24 ya kushuka kwa nje, kwa ruta, ile mashine ya mkono ya kuchonga mbao kwa biti (kisu) inayozunguka. Mifereji 23 imekaa vizuri, ila wa mwisho umesongamana na wa kwanza mpaka ubavu uliobaki kati yao umemeguka. Anauliza anunue ruta gani. Ndugu yangu, ruta uliyonayo inatosha. Ulipima kwa bikari, alama hadi alama, na bikari iliyozidi 0.3 ya milimita tu inakula karibu milimita 7 ukishazunguka kikombe chote.

Duara ligawe lote kwa pamoja. Mashine nyingi za kukereza, zile zinazozungusha mti ukichongwa, zina matundu ya kugawia kwenye kichwa, na pini ya kufungia isizunguke. Hesabu matundu hayo kabla hujachagua idadi ya mifereji: 24 yanakupa mifereji 24, 12, 8 au 6, lakini 16 huipati mpaka uwe na idadi inayogawika kwa 16, kama 48. Mashine isiyo na matundu itengenezee duara la plaiwudi lenye upana wa sentimita 25, ulifunge lizunguke pamoja na kikombe. Lizungushie ukanda wa karatasi, ukate pale ncha zinapokutana, kisha ukunje katikati mara nne. Hapo una sehemu 16. Toboa plaiwudi kwa kufuata mikunjo. Ukubwa wa duara una faida yake: ukikosea milimita 1 ukingoni, kwenye kikombe cha sentimita 8 kosa linabaki kama theluthi ya milimita.

Idadi yenyewe inaamuliwa na kitako, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tuseme mdomo una upana wa milimita 80 na kitako 55. Mzunguko wa juu ni kama milimita 251, na mifereji 24 ya milimita 6 inaacha mbavu za 4.5, safi kabisa. Shuka chini sasa: mzunguko ni 173, gawa kwa 24 unapata 7.2. Ubavu unabaki na milimita 1.2, na huo utakatika hata kwa msasa. Weka 16, mbavu za chini zinakuwa karibu milimita 4.8. Penseli ingekwambia haya yote kabla hujawasha chochote, lakini mafundi wa siku hizi penseli wanaiweka sikioni kama pambo.

Chonga mifereji kabla ya kufukua ndani. Kikombe kilichokwisha kufukuliwa kinatetema, na mtetemo huacha mawimbi ndani ya mfereji. Ubao uwe mkavu pia: mbao mbichi ikikauka kikombe kinapoteza uduara wake, na mfereji wa upande mmoja unakuwa na kina kuliko wa upande wa pili. Ukingoja kufukua baadaye, kumbuka kuacha ukuta wa milimita 4 nyuma ya mfereji.

Ruta ilale kwenye kisanduku kinachoteleza juu ya reli. Ncha ya biti iwe sawasawa na kimo cha kitovu cha mashine. Ikipanda au kushuka, mfereji unalalia upande mmoja. Reli ifuate mteremko wa kikombe, si kitanda cha mashine. Pima nafasi kutoka kwenye biti hadi kwenye mti, juu na chini, mpaka vipimo vilingane. Kisha chomoa mashine ya kukereza kwenye umeme, maana ikiwaka pini ikiwa ndani, kitavunjika kitu.

Kata kutoka kwenye upana kwenda kwenye wembamba, yaani mdomoni kuelekea kitakoni, ili nyuzi zisinyanyuke. Anza milimita 8 chini ya mdomo. Anayekunywa hataki mbavu midomoni. Kina cha milimita 2 kikate kwa awamu mbili. Ukiona weusi na kunusa moshi, biti ni butu au unasukuma polepole mno.  Vumbi la mvule linawasha ngozi na kifua, kwa hiyo vaa barakoa.

Msasa namba 240 uviringishe kwenye kijiti chembamba kuliko mfereji, bila kugusa kingo. Nta ya nyuki inapendeza kwa kikombe cha maji au juisi. Cha chai usikipake, inayeyuka kwenye nyuzi joto 60 na kitu.