Chanjo ya wiki ya 14 ilinikuta mimi

Hesabu yenyewe ni ndogo. Mke wangu ni mwalimu, na shule yake iko Muheza. Likizo ya uzazi kwa sheria zetu ni siku 84, yaani wiki 12 kamili, na ukijifungua pacha unapewa siku 100. Chanjo nazo zina kalenda yake: siku ya kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 na mwezi wa 18. Wiki ya 12 mama mtu akarudi kudandia daladala alfajiri. Wiki ya 14 mtoto akatakiwa kliniki. Aliyebaki nyumbani Ngamiani, hapa Tanga mjini, na cherehani yake barazani, ni mimi.

Nikamfunga mtoto kwa kanga, kifuani, maana mgongoni sikujiamini, nikaenda. Nilipoingia, benchi zima lilinyamaza. Si kwamba baba kliniki ni kioja tena. Siku hizi mjamzito akianza hudhurio la kwanza huambiwa aje na mwenzake wapime pamoja, na wanaokuja wawili mara nyingi hutangulizwa kwenye foleni. Lakini baba peke yake, na kichanga, bila mama! Bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniinamia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mama yake kafariki?"

"Hapana bibi, yuko kazini."

Akanitazama kwa huruma zaidi ya mwanzo.

Zamu yangu ikafika. Mtoto akavishwa ile kaptura ya mzani, akaning'inizwa, akalia mpaka nikaona aibu kana kwamba nimemfinya. Nesi akachukua kadi akaanza maswali. Ananyonya tu au kuna kitu kingine anapewa? Chanjo iliyopita alipata homa? Ilikaa siku ngapi? Choo anapata mara ngapi? Nikatoa simu nimpigie mama yake. Ikaita, ikaita. Yuko darasani, simu iko mkobani. Nesi akacheka, wala hakukusudia kejeli, akasema, "Baba, umeleta mtoto, habari zake umeziacha nyumbani."

Nimesikia mawaidha mengi ya ulezi, lakini hilo neno la nesi ndilo lililonikaa. Miezi mitatu nilikuwa najiona baba wa kisasa kwa sababu nambeba mtoto na kumbadilisha pampasi mbele za watu. Kumbe kazi yenyewe alikuwa nayo mke wangu kichwani: nani kachomwa lini, dawa gani ilimtapisha, maziwa ya saa nne yanatosha mpaka saa ngapi. Mimi nilikuwa mikono tu, tena mikono ya kutumwa. Kwa hiyo mwanamume anayeniuliza aanzie wapi humwambia hivi: chagua jambo moja la mtoto, dogo tu, ulibebe zima pamoja na kulikumbuka. Mimi nilichagua kliniki. Tangu siku ile kadi nikaihamishia kwenye droo ya cherehani, humo humo na bobini, na tarehe nazijua kama ninavyojua siku ya mteja kuchukua nguo yake. Mke wangu haniulizi, na mimi simuulizi. Ukingoja kukumbushwa, bado kazi ni ya anayekukumbusha.

Barazani kwetu habari ilifika kabla yangu. Wazee wa kahawa na kashata, na vijana wanaocheza bao, walishanipa jina: Baba Yaya. Wengine wakanong'ona lile neno letu la siku zote, limbwata. Yaani mwanamume hawezi kumpenda mtoto wake kwa akili timamu mpaka awe amelishwa kitu.

Sasa tazama ajabu ya mji wetu huu. Mimi kutwa nashona madera, napachika lesi na shanga kwenye magauni ya bi harusi, na hajatokea mtu akaniambia hiyo kazi ya kike. Kwenye shughuli, sufuria la pilau la watu mia tatu linakorogwa na mwanamume, kajifunga msuli, taulo shingoni. Dobi wetu wa mtaani ni mwanamume. Muuza supu, mkaanga mihogo, anayesukuma chapati asubuhi watu wakapanga foleni: wanaume watupu. Kumbe kupika, kufua na kushona tunaweza vizuri sana ilimradi kuna mtu anatulipa. Uji huo huo ukiukoroga kwako, kwa ajili ya mwanao, umelogwa.

Wapo wanaoingiza dini hapo, nami huwa nawajibu kwa yale yale tuliyosomeshwa chuoni, yaani madrasa. Bibi Aisha aliulizwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifanya nini nyumbani, akasema alikuwa akiwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali. Na aliswali huku kambeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akiinuka anambeba. Hadithi hizi ni mashuhuri, mtoto wa madrasa anazijua. Tunachokiita cha dini mara nyingi ni cha barazani.

Hata maneno tunayotumia yamemweka baba nje ya mlango. Pwani ukisema "nyumba ile kuna mzazi", hakuna atakayedhani unamsema baba. Mzazi ni mwanamke aliye kwenye arobaini yake, anakandwa kwa maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga. Baba siku hizo ni wa kutumwa sokoni. Na sheria ya kazi ya mwaka 2004 haikumsogeza mbali sana: baba aliyeajiriwa ana siku 3 za malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Jirani yangu wa kiwandani alizimaliza. Kitovu cha mtoto hakijadondoka, baba keshavaa buti la kazi. Mimi fundi wa kujiajiri sina hata hizo 3, ila nina uhuru wa kuzima cherehani. Kama umeajiriwa, zichukue zote. Nimewaona wanaume wanaoona haya kuziomba, wakati ni haki yao.

Upinzani mzito haukutoka kwa wanaume wenzangu. Ulitoka kwa mama yangu mzazi. Alikuja kutoka Pangani kumkanda mkwewe, akanikuta jikoni. "Mwanangu, nani kakufundisha kufunua vyungu?" Kwa wasiotoka huku, mwanamume wa kufunua vyungu ni bahili, anahesabu vipande vya nyama. Alikuwa ananionea fedheha. Ningebishana naye ningeshindwa, na ningemkosea adabu. Nikamwambia, "Basi mama, nifundishe wewe, nisije nikamwunguza mjukuu wako." Akakaa kimya kidogo, halafu akanyoosha miguu, akamlaza mtoto juu ya mapaja yake, akaniambia nijaribu maji kwa kiwiko maana kiganja cha fundi kimeshakufa ganzi kwa pasi. Alinifundisha kushika shingo na kumcheulisha. Wiki ya pili akawa ananiita yeye mwenyewe: "Njoo, mwanao ameloa."

Tulikwaruzana jambo moja. Yeye alitaka mtoto apewe maji kidogo, joto la Tanga si mchezo. Kliniki walishatuambia miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, kwa kuwa maji yamo humo humo kwenye maziwa. Sikumwambia mama amekosea. Nilimchukua twende naye kliniki, akaambiwa na nesi mwenye umri wa kunizidi mimi. Mambo mengine mtoto huwezi kumwambia mzazi, hata ukiwa na kadi mkononi.

Ndiyo maana maziwa ya mchana mke wangu aliyakamua alfajiri, yakawekwa kwenye friji, nami nikayapasha kwa kukiweka kikombe ndani ya bakuli la maji moto, si motoni. Nilimnywesha kwa kikombe kidogo, sikutumia chupa. Kliniki wanasema chupa ni ngumu kusafishika. Siku za kwanza nusu iliishia kwenye shati langu. Na waajiri wakumbushwe, sheria ile ile inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi akamnyonyeshe mwanawe. Kwa mwenye shule Muheza na mtoto Ngamiani haki hiyo haifiki nyumbani, lakini wa karibu wengi hawaiombi kwa kutoijua.

Kuna jambo nililichelewa kuliona. Mimi nilipokuwa nasifiwa, mke wangu alikuwa anasemwa. Nikipita na mtoto kifuani wanawake wateja wangu wanasema, "Maashallah, fundi una moyo!" Huko shughulini yeye anaambiwa kamgeuza mume wa watu yaya, mwanamke gani huyo. Kitendo kimoja, mimi napata shada, yeye anapata mwiba. Alinieleza usiku mmoja akilia, nikashangaa ameyabeba muda gani. Tangu hapo nikisifiwa mbele yake, au hata hayupo, hujibu, "Mwenye moyo ni mama yake, mimi bado najifunza." Na barazani nilisema mwenyewe, kwa sauti, kwamba sikulishwa kitu, nimekaa na mwanangu kwa kuwa nampenda na kwa kuwa mshahara wa mwalimu ndio unaolipa kodi mwezi wa wateja wachache. Kukiri kipato cha mke mbele ya wanaume kulinitoa jasho kuliko kubadilisha pampasi.

Dada zangu mnaosoma, na ninyi nina neno. Msimnyang'anye. Mke wangu miezi ya mwanzo kila nikimvisha mtoto anakuja nyuma yangu kumvua na kumvisha upya. Pampasi imekaa upande, haya, itavuja, nguo atazifua huyo huyo aliyeivisha. Tulikubaliana asiseme kitu ila kama mtoto yuko hatarini. Ilimgharimu ulimi wake sana, masikini.

Sitaki kudanganya kwamba haina hasara. Siku tatu kabla ya Idd mtoto alishikwa na homa. Nguo za sikukuu zimejaa kapu, na mimi ndiye niliyekaa kliniki, kisha usiku nikamfuta kwa kitambaa cha maji. Kuna mteja hakuvaa gauni lake asubuhi ya Idd. Hakurudi kwangu mpaka leo, na ana haki. Siku hizi msimu wa Idd sipokei kazi zaidi ya ninazoweza kumaliza wiki moja kabla, na kipato kimepungua. Anayekuambia utafanya yote mawili bila kupunguza moja, hajakaa na mtoto mwenye homa.

Lililonishangaza zaidi ni wageni wa jioni. Huyu kaleta suruali ya kukunja pindo, yule zipu. Wanakaa. Wanakohoa. Kisha, "Hivi fundi, mtoto akihara unafanyaje?" Hao hao wa Baba Yaya! Nawaambia nilivyoambiwa mimi: pakiti moja ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari, kwenye lita 1 ya maji safi, umpe kidogo kidogo kila anapohara, aendelee kunyonya, kliniki utapewa na vidonge vya zinki, umalize siku zote ulizoandikiwa hata kama kuhara kumekoma. Choo kikiwa na damu, macho yakizama au akilegea, usikae kwangu, kimbia. Wanasikiliza kwa makini, halafu wanaondoka na suruali zao ambazo hata hazikuwa na shida.

Mzee mmoja wa kahawa, ambaye jina la Baba Yaya ni yeye aliyelitunga, alikuja asubuhi akamtazama binti yangu akijaribu kusimama kwa kushika meza ya cherehani. Akaniambia ana watoto wanane na hakumbuki hata mmoja alipoanza kutembea. Alikuwa baharini, alikuwa sokoni, alikuwa barazani. Akanyamaza. Kisha akaomba nimkazie kifungo cha koti.

Binti yule sasa yuko darasa la awali, ananitumia kama ngazi ya kupandia baiskeli. Mdogo wake ana wiki 14 kesho. Mama mtu ana mitihani ya darasa la saba ya kusimamia, kwa hiyo ni mimi tena. Kadi nimeshaitoa kwenye droo, nimeiweka juu ya cherehani na mkasi juu yake, upepo wa bahari usije ukaipeperusha.