Jibu: Wikendi Makerere, sina pa kwenda

Salamu, ndugu. Umesema unasoma Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, unakaa Wandegeya jirani na chuo, hela ni kidogo, na kila wikendi inaishia kitandani kwa kukosa pa kwenda.

Anza na Ndere, kikundi cha ngoma za asili, ukumbini kwao pale Ntinda, Jumapili jioni. Kikundi hicho kilianzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, na ngoma zake zinatoka pembe zote za Uganda. Kaa mbele, karibu na wapiga adungu, yaani kinubi cha nyuzi. Mimi mara ya kwanza nilikaa nyuma, vichwa vya watu vikanizibia akina dada wanaocheza na vyungu vilivyopangwa kichwani, kimoja juu ya kingine. Ila ulizia kiingilio kabla ya kupanda boda. Niliwahi kufika ukumbi mmoja na nauli tu, nikageuzia getini.

Filamu? Usidharau kibanda cha video. VJ, yule msimulizi wa filamu, anatafsiri kwa Kiganda huku akitia chumvi zake, na jambazi wa Marekani anageuka kijana wa Katwe, mtaa wa Kampala. Kama Kiganda bado hakijakukaa, nenda na rafiki wa kukunong'onezea.

Picha za kuchora unazo hapo hapo chuoni, shule ya sanaa ya Margaret Trowell. Hizo zipitie katikati ya wiki, baina ya vipindi.